Kifusi na Udongo: Istilahi za Kuchekecha na Kutumia Tena Udongo Uliochimbwa

Watu wengi wasikiapo neno istilahi hufikiri mara moja juu ya maabara, mahakama au Bunge. Hudhani kwamba kazi ya kusanifu maneno huanza pale ambapo mambo ni mageni na magumu, na kwamba shughuli za beleshi na karai hazihitaji istilahi kwa kuwa kila mtu anazijua. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo si sahihi. Shughuli tutakayoitazama ni ndogo na ya kawaida, nayo ni kuuchekecha udongo uliochimbwa kiwanjani na kuutumia tena katika kutengeneza bustani, ukoka, njia na miinuko ya nyumba, shule au ofisi. Maneno ya kazi hii yapo, tena yamo midomoni mwa mafundi. Kinachokosekana ni mipaka ya maana zake, na kukosekana kwa mipaka hiyo kunawagharimu wananchi fedha na kuipunguzia ardhi yao rutuba.

Mifano yetu inatoka katika viunga vya Dar es Salaam, hasa Kinondoni na Temeke, pamoja na Ubungo na Kigamboni zilizomegwa kutoka wilaya hizo mbili. Katika viunga hivyo viwanja vingi hujengwa kidogo kidogo. Mwenye kiwanja huchimba msingi, kisha shimo la karo, kisha mtaro wa maji ya mvua, na kila mara lundo la udongo hubaki pembeni. Lundo hilo huitwa kifusi, huzolewa na tipa kwa malipo, na baada ya miezi michache mwenye nyumba hulipa tena ili aletewe udongo wa kupandia maua na ukoka. Amelipa mara mbili, na pengine udongo alioletewa ni duni kuliko ule alioutoa.

Sentensi moja ya mkataba

Tuchukue mfano wa sentensi ambayo karani au mfasiri yeyote angeweza kuiandika bila kusita: "Mkandarasi ataondoa kifusi chote katika eneo la kazi na kuleta udongo mzuri wa bustani." Sentensi hii haina kosa la sarufi. Hata hivyo, ina makosa matatu ya istilahi. Kwanza, haisemi kifusi ni nini. Pili, kwa neno "chote" inamruhusu mkandarasi kuzoa kila kitu kilichochimbwa, kizuri na kibaya pamoja. Tatu, haisemi udongo "mzuri" ni upi, kwani udongo ulio mzuri kwa kushindilia chini ya sakafu ni mbaya kwa kupandia mchicha, na ulio mzuri kwa mchicha haufai kabisa chini ya sakafu.

Ikitokea ugomvi, kila upande utakuwa na haki yake. Mkandarasi atasema ametimiza maneno ya mkataba, na mwenye kazi atasema sicho alichokusudia. Hapo hapana budi kukiri kwamba mwenye hatia ni sentensi. Tutairudia sentensi hii mwishoni mwa makala, baada ya kuyapima maneno yake.

Neno kifusi

Maana ya zamani ya kifusi ni mabomoko ya nyumba, yaani mawe, chokaa, udongo wa kuta na vigae vilivyobaki baada ya jengo kuanguka. Kwa kuwa mabomoko hayo yalitumika kujazia mashimo na misingi, neno likaanza kuitwa kitu chochote cha kujazia. Leo katika biashara ya Dar es Salaam mtu mwenye kiwanja cha bondeni "hununua kifusi" ili akiinue kiwanja chake, na anachomwagiwa mara nyingi ni udongo mwekundu au wenye changarawe uliochimbwa mahali pengine, usio na hata kipande cha ukuta. Wakati huohuo jirani yake aliyechimba msingi "anaondoa kifusi". Hivyo neno moja lina maana ya takataka ya kulipia iondoke na mali ya kulipia ije.

Hatuna haja ya kumkataza fundi wa Mbagala au wa Tegeta kusema atakavyo, kwani lugha ya kila siku hujitosheleza. Wasemaji husimama mbele ya lundo lenyewe, nao huoneshana kwa kidole. Lakini maandishi hayana kidole. Kwa sababu hiyo tunapendekeza kwamba katika mikataba, tafsiri na vitabu vya shule, neno kifusi libaki na maana ya mabomoko ya jengo. Kinachotoka shimoni kiitwe udongo uliochimbwa. Na kinacholetwa ili kuinua au kusawazisha ardhi kiitwe udongo wa kujazia. Istilahi hizi mbili za mwisho ni ndefu kuliko neno moja, lakini zinaeleweka na kila mtu tangu mara ya kwanza, na hilo ni bora kuliko ufupi.

Majina ya udongo

Udongo uliochimbwa si kitu kimoja. Sehemu ya juu kabisa, ambayo katika viwanja vingi ni ya sentimeta 15 hadi 20 tu, na katika ardhi ya mchanga ya pwani huenda ikawa nyembamba zaidi, huwa na rangi iliyokoza kwa sababu ina majani na mizizi iliyooza pamoja na wadudu na viumbe vidogo vinavyoiozesha. Walimu wa kilimo huiita udongo wa juu. Chini yake ni udongo wa chini, ambao una rangi hafifu au nyekundu, na rutuba yake ni kidogo. Istilahi hizi mbili ni nyepesi na zinatosha. La muhimu ni kwamba anayeandika maagizo ya kazi azitumie, kwa maana tabaka hizi zikishachanganyika katika lundo moja haziwezi kutenganishwa tena.

Kwa upande wa ukubwa wa chembe, Kiswahili kina majina matatu yaliyokwisha zoeleka. Udongo kichanga hupitisha maji upesi na haushikamani. Udongo mfinyanzi hushikamana, hutuamisha maji na hupasuka ukikauka. Udongo tifutifu uko kati, nao ndio upendwao na mkulima. Viunga vya Dar es Salaam vina aina zote. Sehemu kubwa ya uwanda wa pwani ni kichanga. Katika mabonde, kama lile la Msimbazi, hupatikana udongo mzito wa mfinyanzi. Vilima vya Pugu vinajulikana kwa udongo wake mweupe wa kaolini. Upande wa Kunduchi na kilima cha Wazo ardhi ina mawe ya chokaa, na kwa sababu hiyo kiwanda cha saruji kimekuwa kikifanya kazi huko tangu mwaka 1966. Udongo ulio karibu na mawe hayo huwa na chokaa nyingi, na baadhi ya mimea hugeuka rangi ya njano humo. Kwa hiyo mtu akihama kutoka Pugu kwenda Kunduchi na kuandika "udongo wa kienyeji" katika makabrasha yake, hajasema neno.

Wataalamu wa kilimo huihesabu chembe isiyozidi milimeta 2 kuwa mchanga. Ikizidi hapo huwa changarawe. Mafundi nao hutenga changarawe na kokoto kwa namna ya maana sana. Changarawe huokotwa au kuchimbwa ikiwa hivyo kwa maumbile, ilhali kokoto huvunjwa kwa nyundo au kwa mashine. Tofauti hii inafaa kushikwa na wafasiri, kwani vijiwe vya maumbile ni vya mviringo na huteleza, na vile vya kuvunjwa vina pembe na hukamatana.

Pengo la kweli liko katika chembe zilizo ndogo kuliko mchanga na kubwa kuliko mfinyanzi, ambazo wataalamu wengi wa kilimo huzipima kuwa kati ya milimeta 0.002 na 0.05. Baadhi ya waandishi huziita tope, lakini tope ni hali ya kulowa, na hata mfinyanzi huwa tope. Wengine huziita mashapo, lakini mashapo ni kitu chochote kilichotuama chini ya maji. Mpaka istilahi moja itakapokubaliwa, tunamshauri mwalimu aseme "chembe za kati" na kutaja kipimo chake. Anaweza kuwaonesha wanafunzi kwa chupa. Ajaze udongo hadi theluthi ya chupa, aongeze maji, atikise kwa nguvu, kisha aiache. Mchanga hutuama katika dakika chache, chembe za kati kwa muda wa saa kadhaa, na mfinyanzi huweza kuyachafua maji kwa siku nzima au zaidi. Kila tabaka likishatuama hupimwa kwa rula.

Vitenzi vya kutenganisha

Utaratibu wetu wa kuunda istilahi unatutaka tutafute kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, kabla ya kukopa kutoka mbali. Katika jambo hili hatuna haja ya kutoka nje ya jiko la nyumbani, kwani utajiri uliopo ni mkubwa:

Kupepeta ni kurusha nafaka katika ungo ili upepo uchukue vilivyo vyepesi. Kupembua ni kutenga kwa kutikisa na kurusha ili nafaka zijitenge na takataka zake. Kuchuja ni kutenga kioevu na yaliyomo ndani yake. Kuchunga ni kutenga unga laini na chenga. Kuchambua ni kutenga kwa mkono na jicho, kimoja kimoja. Kuchekecha ni kutenga kwa kupitisha katika matundu yenye ukubwa maalumu.

Vitenzi hivi havibadilishani nafasi. Kuchunga kungeweza kufaa, lakini katika maandishi "kuchunga udongo" kunaweza kusomwa kuwa ni kuulinda usiibwe, kama mtu achungavyo ng'ombe. Kuchuja kunamfanya msomaji afikirie maji. Kwa hiyo neno linalofaa ni kuchekecha, na chombo chake ni chekeche. Katika sehemu za ujenzi husikika pia chekecheo, ambalo limeundwa kwa kanuni ya kawaida ya lugha na si kosa. Lakini kwa kuwa chekeche ni fupi na limezoeleka, na tulishike hilo.

Kinachopita huitwa udongo uliochekechwa. Kinachobaki juu baadhi ya mafundi hukiita makapi. Sisi tunapendekeza mabaki ya chekeche, kwa sababu makapi ni kitu cha kutupwa, na mabaki haya yana kazi zake, kama tutakavyoona. Na ukubwa unaotajwa uwe daima ukubwa wa tundu, wala si unene wa waya. Mtu akiandika "wavu wa milimeta 10" bila kufafanua, anampa muuzaji nafasi ya kuchagua maana imfaayo.

Hapa pana jambo ambalo ndilo kiini cha makala haya. Chekeche hutenga kwa ukubwa tu. Halijui rutuba, halijui chumvi, halijui mafuta wala vijidudu vya maradhi. Udongo wa chini ukichekechwa hutoka laini na wa kupendeza macho, lakini hubaki udongo wa chini. Kwa hiyo "udongo uliochekechwa" na "udongo wenye rutuba" ni mambo mawili mbalimbali, na mwandishi anayeyachanganya humuuzia mwenye bustani ulaini badala ya chakula cha mimea.

Jinsi kazi inavyofanyika

Ili msomaji aone istilahi hizi zikiwa kazini, tutaeleza hatua zenyewe kwa ufupi.

Kwanza, udongo wa juu hukwanguliwa peke yake kabla ya msingi kuanza kuchimbwa, na kulundikwa mbali na udongo wa chini. Lundo lisiwekwe juu ya mtaro, wala kando ya barabara, wala kulizunguka shina la mti. Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, na za vuli, kati ya Oktoba na Desemba, huyaporomosha malundo yasiyofunikwa na kuyapeleka katika mifereji, na mfereji ulioziba humtilia maji jirani wa chini. Turubai moja huzuia hasara hiyo.

Pili, udongo huachwa upunguze maji. Mfinyanzi uliolowa huziba matundu, na uliokauka kabisa huwa mabonge kama mawe. Wakati wake ni pale ambapo ukifumbatwa mkononi hushikamana, na ukiguswa kwa kidole humeguka. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo yenye nafuu kwa kazi hii.

Tatu, udongo huchambuliwa. Vipande vya chupa, misumari, mifuko ya plastiki na mizizi huondolewa kwa mkono uliovaa glavu. Uangalifu mkubwa unatakiwa kwa ndago. Vitunguu vyake vidogo vyeusi vikipita, bustani nzima itaota ndago katika mvua ya kwanza. Chekeche la matundu madogo huzuia vingi, lakini si vyote, na kwa hiyo lundo lenye ndago nyingi lisitumiwe katika ukoka.

Nne, udongo huchekechwa. Chekeche la kazi ndogo ni fremu ya mbao yenye upana wa meta moja hivi na urefu wa meta moja na nusu, iliyopigiliwa wavu wa chuma na kuegemezwa kwa miti miwili. Udongo hurushwa kwa beleshi upande wa mbele. Ulio laini hupita na kuanguka nyuma, na mabaki huteremka miguuni pa mrushaji. Ifahamike kwamba fremu ikilazwa mshazari, tundu "hupungua". Kwa mwinamo wa nyuzi 45, tundu la milimeta 10 hupitisha vitu visivyozidi milimeta 7 hivi. Anayetaka udongo mnene zaidi huilaza fremu, na anayetaka laini zaidi huisimamisha.

Tano, kila ukubwa hupelekwa penye kazi yake. Matundu ya milimeta 20 hadi 25 yanatosha kwa udongo wa kujazia chini ya njia. Matundu ya milimeta 10 hadi 12 yanafaa kwa matuta ya maua na mboga. Ya milimeta 5 hadi 6 ni ya vitalu vya miche na kusawazisha ukoka. Mabaki ya chekeche, yakiwa ni mawe na changarawe, huwekwa chini ya njia za miguu au katika shimo la kunyonyea maji ya mvua.

Sita, udongo wa juu uliochekechwa huongezewa mboji au samadi iliyoiva, kwa kadiri ya sehemu moja kwa tatu au nne za udongo. Maneno haya mawili nayo yasichanganywe. Mboji hutokana na majani na mabaki ya mimea yaliyooza, na samadi hutokana na mavi ya wanyama. Samadi mbichi huunguza mizizi.

Mwisho, udongo hurudishwa kwa mpango uleule wa maumbile, yaani wa chini ukae chini, na wa juu ukae juu. Chini ya njia udongo hushindiliwa. Katika matuta husawazishwa tu. Kushindilia na kusawazisha ni vitenzi viwili ambavyo mara nyingi huandikwa kama kimoja, na bustani zimeuawa kwa kosa hilo. Aidha, udongo usirundikwe ukutani hadi kufikia usawa wa sakafu ya nyumba. Ubakishwe chini yake sentimeta 15 au zaidi, ili unyevu usipande na mchwa wasipate njia iliyofichika.

Kipimo: kabla au baada?

Udongo ukichimbwa huumuka. Uliokuwa umeshikamana ardhini huingiwa na hewa, na ujazo wake huongezeka, kwa makadirio ya kawaida, kama robo. Kichanga huongezeka pungufu ya hapo, na mfinyanzi huweza kuzidi. Tuseme shimo la karo lina urefu wa meta 3, upana wa meta 2 na kina cha meta 2. Ardhini ni meta za ujazo 12. Baada ya kuchimbwa ni 15 hivi. Kwa tipa inayobeba meta za ujazo 5, hizo ni safari tatu. Mkataba ulioandika "meta za ujazo 12" bila kusema kipimo ni cha lini utaleta mabishano juu ya safari ya tatu. Kwa hiyo tunapendekeza istilahi mbili: ujazo wa ardhini, kabla ya kuchimbwa, na ujazo wa lundo, baada ya kuchimbwa.

Hesabu hiyohiyo inaonesha thamani ya udongo wa juu. Katika shimo hilo la karo, udongo wa juu wenye kina cha sentimeta 15 hauzidi meta moja ya ujazo. Lakini nyumba ya meta 10 kwa 10, ikikwanguliwa eneo lake lote kabla ya msingi, hutoa meta za ujazo 15 za udongo wa juu, ambazo zingetosha kutandaza unene wa sentimeta 10 katika eneo la meta za mraba 150. Hiyo ndiyo mali inayoondoka kwa jina la kifusi.

Pana hasara nyingine iliyo nje ya kiwanja. Kila tunachokinunua kimechimbwa mahali. Katika miaka ya 1970 na 1980 bahari iliila pwani ya Kunduchi kwa kasi ya kutisha, na miongoni mwa sababu zilizotajwa na wachunguzi ni uchimbaji wa mchanga katika mito kama Tegeta na Mbezi, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiilisha pwani hiyo mchanga. Leo Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inauhesabu mchanga na mawe ya ujenzi miongoni mwa madini. Basi karani aandikaye "udongo" pale palipostahili "mchanga" hakosei msamiati tu. Anataja kitu kingine mbele ya sheria.

Udongo usiofaa kurudishwa

Neno "udongo mchafu" lina hatari kubwa kuliko yote tuliyoyataja. Huweza kumaanisha udongo wenye vipande vya chupa na mifuko, na huweza kumaanisha udongo ulioingiwa na mafuta, kinyesi au sumu. Wa kwanza hutibika kwa kuchambua na kuchekecha. Wa pili hautibiki kwa chekeche lolote. Tunapendekeza wa kwanza uitwe udongo wenye takataka, na wa pili udongo uliochafuliwa.

Udongo uliochafuliwa hupatikana karibu na mashimo ya zamani ya choo, ambamo mayai ya minyoo huweza kuishi kwa miaka. Penye gereji zilizomwaga mafuta machafu. Na penye majaa ya zamani. Mji wetu una historia ndefu ya majaa. Wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu mwaka 1988 kulipinga jaa lililokuwa jirani yao, wakashinda. Na Mtoni katika Temeke palitumika kuwa jaa kabla ya jaa la Pugu kuanza. Ardhi ikishapata nyasi na nyumba husahauliwa ilikuwa nini, lakini shimo likichimbwa hukumbusha. Vivyo hivyo vipande vya mabati ya zamani ya asbesto visichekechwe kamwe, kwa kuwa vumbi lake hudhuru mapafu. Mwalimu anayewaongoza wanafunzi katika bustani ya shule hana budi kuzijua istilahi hizi mbili kabla ya kuwapa majembe.

Muhtasari wa istilahi zinazopendekezwa

Kifusi: mabomoko ya jengo.
Udongo uliochimbwa: udongo wowote uliotoka shimoni, kabla ya kutengwa.
Udongo wa kujazia: udongo wa kuinua au kusawazisha ardhi.
Udongo wa juu: tabaka la kwanza lenye rutuba.
Udongo wa chini: tabaka lifuatalo, lenye rutuba kidogo.
Chekeche: fremu yenye wavu wa kutenga udongo kwa ukubwa.
Udongo uliochekechwa: uliopita katika matundu ya ukubwa uliotajwa.
Mabaki ya chekeche: yasiyopita.
Ujazo wa ardhini: kipimo kabla ya kuchimbwa.
Ujazo wa lundo: kipimo baada ya kuchimbwa.
Udongo wenye takataka: unaoweza kusafishwa kwa kuchambua na kuchekecha.
Udongo uliochafuliwa: usioweza kusafishwa kwa chekeche.

Sentensi yetu, mara ya pili

Sasa na turudi katika sentensi tuliyoanza nayo. Kwa kutumia istilahi hizi ingeandikwa hivi:

"Mkandarasi atakwangua kwanza udongo wa juu hadi kina cha sentimeta 15 na kuulundika peke yake ndani ya kiwanja. Udongo wa chini ataulundika mahali pengine. Atachambua takataka kwa mkono, kisha ataupitisha udongo wa juu katika chekeche lenye matundu ya milimeta 10. Mabaki ya chekeche yatawekwa chini ya njia. Kifusi na udongo uliochafuliwa havitatumiwa. Vitapelekwa mahali palipoidhinishwa na halmashauri. Malipo yatafuata ujazo wa ardhini."

Sentensi moja imekuwa saba, na karani mwenye haraka atalalamika. Lakini hakuna neno ambalo kibarua wa Kimara au wa Mbagala hatalielewa akisomewa. Baraza letu liliundwa kwa sheria mwaka 1967 ili Kiswahili kitosheleze shughuli zote za taifa, na shughuli za taifa ni pamoja na hizi za uani. Wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanaombwa wazipime istilahi hizi katika kazi zao, na pale ambapo mafundi wa mahali pao wana neno lililo bora, waliandike na kulileta, hasa kwa zile chembe za kati ambazo bado hazina jina.